Vidonge vya Mtani

King'ora cha kiwanda kilipolia kubadilisha zamu, Evariste aliingia bila hodi, akachukua chupa ya vidonge kando ya kitanda cha Constantin na kumeza kimoja.

"Dawa ya mutani ni dawa yangu," alisema, akaomba glasi ya pili ya maji.

Philomène alitamani kumpiga kwa mwiko. Mumewe alikuwa amepasuliwa tezi dume, na muuguzi Gertrude alikuwa amesema wazi: antibiotiki ikikosekana, kidonda kitaoza, mkojo utaingia wadudu, na homa yake huua. Kidonge kimoja kila king'ora. Aliwapa chupa imejaa hadi mdomoni, lakini sasa ilikuwa ikipungua upesi.

Hata hivyo, katika kambi ya wafanyakazi ya Panda mwaka ule wa 1970, mtani hakatazwi kitu. Makabila yao yalitaniana tangu zamani: mtani aliweza kuondoka na sufuria ingali motoni, na mwenyewe akalazimika kucheka.

Evariste, aliyerudi majuzi kutoka Kolwezi, hakukosa king'ora hata kimoja. Alikuja akisukuma baiskeli yake, akameza, akamtania mgonjwa.

"Balikukata sawa ngombe ya misioni. Sasa bakufunge kwa mukokoteni."

"Miye, bibi yangu anajua fasi nililala," Constantin alijibu. "Bibi yako Adrienne, uliza kama anajua fasi yako."

Wote wawili wakacheka hadi machozi, wameshika matumbo.

Philomène alijaribu kumhonga. Alimwekea chupa ya bia ya Simba, baridi, aviache vidonge. Evariste aliitazama kwa huzuni, akaikataa. Alimeza kidonge.

Jumamosi Gertrude alikuja. Alipima homa ya Constantin, akafungua bendeji: kidonda kikavu, hakuna usaha. Philomène hakutulia. Alimwonyesha chupa iliyokwisha upesi vile, kisha mwizi mwenyewe, aliyesimama mlangoni akitazama viatu vyake.

"Huyu mutani wao atauwa bwana yangu."

Gertrude alinawa mikono upya, akatoa bendeji nyingine.

"Hapana, mama. Mule nilitia dawa ya bantu babili." Akageukia mlangoni. "Baba Evariste, funga mulango, lala hapa. Nione na kidonda yako ya Kolwezi."