Juu Kidogo, Hapo Hapo

"Juu kidogo," sauti ya mwanamke ilisema kutoka mbele. "Umenionyesha ardhi tupu."

Fundi akacheka. Alikuwa juu ya ngazi nyuma ya trela la safari, lile lenye kitanda na jiko ndani, kashika mkononi kamera ya kumwonyesha dereva nyuma, ile inayotuma picha bila waya, na skrubu mbili mdomoni. Kazi hii haimtaki mtu mmoja. Mmoja hushika kamera huku nyuma, mwingine hukaa garini akitazama kioo cha picha, wakaelekezana kwa kelele mpaka picha ikae sawa. Na mama huyu alijua kuelekeza.

"Hapo je?"

"Rudisha chini ukucha mmoja. Haya, hapo hapo. Usiguse tena."

Trela lilikuwa limebanwa kati ya ukuta wa nyumba na ua wa jirani, likaziba njia nzima, hata gari lililofungwa mbele yake halikuonekana. Fundi aliingilia mlango wa uani. Alipouliza kioo kiko wapi, mzee mwenye nyumba alimjibu, "Kiko mbele, garini," akamkabidhi kamera. Fundi aliunga waya wa umeme kwenye betri ya trela, akapanda ngazi.

Sasa mzee ndiye aliyeishikilia ngazi hiyo. Masikio yake yalikuwa mazito, ukitaka akusikie ilibidi uinamie kichwa chake na kupaza sauti. Shida yake alikuwa ameshaieleza. Jumamosi wanawe wanakuja na mnunuzi. Wamempa nafasi moja tu: akilitoa trela barabarani na kulirudisha kinyumenyume mpaka uani bila kugonga kitu, abaki nalo. Akishindwa, linauzwa siku hiyohiyo. Ukuta tayari ulikuwa na makovu mawili, yote ya mwaka huu.

"Zamani mama alikuwa anasimama hapa nyuma, ananielekeza," mzee alisema. "Siku hizi hasimami."

"Magoti, eh?"

Mzee akatazama chini. "Hasimami tena."

Fundi akaona wamefanya la maana. Badala ya mama kuchomwa na jua huku nje, akae zake garini na kioo chake, kama malkia. Akaanza kukaza skrubu.

"Mwambie asiwe na pupa na usukani," sauti ilisema. "Angoje mpaka auone mfuniko wa mtaro, ndipo akate. Akifika kwenye kamba ya nguo asimame, asije akatubomolea jiko la uani kama mwaka ule."

Fundi akainama, akayapaza maneno hayo jinsi alivyoyapokea. Ngazi ikayumba. Mzee alikuwa ameiachia.

"Nani kasema?"

"Mama! Anasema usibomoe jiko kama mwaka ule!"

Mzee akatafuta ndoo, akaipindua, akaikalia. Fundi naye alikuwa na ndoa yake nyumbani, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa: hawa wamenuniana. Watu wazima wenye wajukuu, wanatumiana salamu kupitia fundi wa kamera! Akajisemea kwamba wagombanao ndio wapatanao, akaendelea na skrubu yake.

"Muulize," mzee alisema baadaye. "Muulize kama bado ana hasira na mimi. Safari yetu ya mwisho nilimfokea mbele ya watu kwa kunielekeza vibaya. Akanyamaza njia nzima mpaka tukafika."

"Si umuulize mwenyewe, mzee wangu? Yuko hapo tu."

"Mimi sisikii, mwanangu. Niulizie."

Fundi aliona haya kuingilia mambo ya watu, lakini macho ya mzee hayakumwachia pa kukimbilia. Akapaza sauti, akauliza. Mbele hapakusikika kiti kulia wala mtu kukohoa. Jua lilikuwa la utosi, lakini baridi ilipanda kutoka chini ya trela, ikamwingia kwenye miguu ya suruali, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitamani kazi iishe aondoke.

Kisha sauti ikaja, safari hii karibu zaidi, pembeni tu mwa sikio lake.

"Mwambie sikuwa na hasira. Nilikuwa naumwa, na sikutaka kumharibia safari. Mwambie trela asiliuze."

Fundi akashuka ngazi, akachuchumaa mbele ya ndoo, akayatoa maneno yote bila kupunguza. Mzee akajifunika uso kwa mikono, akalia kwa sauti, bila kujali anayemwona. Fundi akageuka, akaanza kukusanya bisibisi na drili ambazo hazikuwa na haraka ya kukusanywa.

"Haya, mzee wangu," akasema kilio kilipotulia. "Twende mbele tukaone picha. Nataka nimsalimie na mama."

Mzee akatangulia. Wakapita kwa ubavu, migongo ukutani, mpaka wakatokea kwenye gari. Vioo vya madirisha vilikuwa vimepandishwa, na milango yote imefungwa. Mzee akatoa ufunguo mfukoni mwake, akafungua. Ndani hapakuwa na mtu. Kioo cha kamera kilikuwa kitini, ndani ya boksi lake, na utepe wa dukani haujakatwa.

"Hiki utanifungia baadaye," mzee alisema, akilisogeza boksi ili fundi apate pa kukaa. "Kwanza nirudie maneno yake, yote, polepole. Tangu tumzike, wewe ndiye mtu wa kwanza kuniletea salamu zake."