Asilimia Moja

Kwa miaka tisa, kila Ijumaa, Mwasiti alituma vipimo vya matetemeko ya ardhi kwa Ndayizeye, mtafiti mwenzake wa nchi nyingine. Vilichukua saa tano kufika, na muda wote huo walipiga soga, simu haikukatwa. Hawakuwahi kuonana, lakini Mwasiti alijua hata jino linalomsumbua mwenzake.

Ijumaa hii mafundi walikuwa wamefunga kebo mpya ya intaneti yenye kasi. Mwasiti alibonyeza kitufe cha kutuma, na vipimo vikafika kabla hajafungua chupa ya chai.

"Vimefika vyote, dada. Ajabu! Haya, Ijumaa ijayo," Ndayizeye akasema, simu ikakatika.

Chumbani ukabaki mvumo wa feni. Chupa ilijaa chai ya kunywa kwa saa tano nzima, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kuimalizia.

Akainama chini ya meza, akachomoa kebo mpya, akarudisha ya zamani, akatuma vipimo vilevile upya. Simu ikaita.

"Dada, naona vinaingia tena. Asilimia moja tu. Kuna tatizo?"

"Labda. Tungoje tuone." Akamimina chai. "Jino linaendeleaje?"

Upande wa pili akasikia kiti kikivutwa, Ndayizeye akiketi.