Lita Arobaini za Mama

Kisima kiko uani kwetu, na mama ndiye aliyekichimbisha. Siku aliyokufa, mfuniko wa kielektroniki ambao serikali ilikifungia ulikataa kufunguka.

"Maji ya chini ni ya mikoko, dada Mwanaesha," alisema Bwana Shekuwe, msimamizi wa visima mtaani. "Yasipoifikia, matope yatatema kaboni yote iliyozikwa humo. Ombi lako limeshapelekwa. Subiri."

"Maiti haisubiri! Na mikoko hiyo aliipanda nani, kama si yeye?"



Tukamwosha kwa maji ya bahari. Dini inaruhusu, najua, msinifundishe. Lakini wakati wa kumvika sanda chumvi ilikuwa imeshamkaukia kwenye nyusi, na mama yangu akatolewa nyumbani kwake kama ng'onda, samaki aliyekaushwa kwa chumvi.

Kesho yake asubuhi mfuniko ukafunguka wenyewe. "Ombi limekubaliwa," ulisema kwa sauti nyororo. "Lita arobaini, za kuoshea maiti."

Nilijaza ndoo mbili, nikazibeba mpaka makaburini, nikammwagia mama maji yake yote, kuanzia kichwani hadi miguuni, mpaka mchanga ukawa mweusi.

Niliporudi na ndoo tupu, mfuniko ulikuwa umeshajifunga.

"Maji yote yamerudi ardhini," ulisema. "Mikoko inakushukuru."

Inanishukuru! Niliziangusha ndoo pale pale, nikaingia stoo, nikatoka na shoka. Mfuniko sikuugusa. Nilishika njia ya ufukoni, iliko mikoko.