Tundu Mbele ya Dereva

Mama Spana, fundi wa magari, alipong'oa kizibo cha mpira kwenye tundu dogo, alisikia mtu akikohoa ndani ya injini iliyozimwa.

Alikuwa amelala chini ya usukani wa gari la mbio. Magodoro ya kuzuia kelele alikwisha kuyabandua, na ukuta wa bati unaotenga injini na miguu ya dereva ulikuwa mtupu mbele ya pua yake.

"Kelele inapitia hapo," alisema mwenye gari. "Ziba kila tundu, fundi. Inanifuata hadi kitandani."

"Kelele gani, bosi?"

"Ya injini tu."

Injini! Mwenye gari alikwisha kumsahau Mama Spana, lakini Mama Spana hakumsahau. Kwa gari hilihili aliwagonga wagomaji kwenye lango la kiwanda cha pamba, akamburuta kaka wa Mama Spana mpaka kona, akafa, kisha akaapa mahakamani kwamba hakusikia kitu. Hakimu akamshukuru kwa kufika.

Mama Spana alisogeza sikio kwenye tundu. Pumzi ya uvuguvugu ilimgusa shavu. Kikohozi kikarudi, kile kikavu cha vumbi la pamba, kilichokuwa kikimtangulia kaka yake mlangoni kila jioni.

"Kaka?" alinong'ona.

"Unasemaje, fundi?"

"Nasema utaondoka na gari leoleo, bosi."

Aliziba matundu mengine yote, akabandika magodoro mapya, akayakandamiza kwa kiganja. Kisha akachukua kisu, akakata duara kwenye godoro mbele ya lile tundu moja, na kizibo chake akakitia mfukoni.

"Tayari," alisema, akimpa ufunguo. "Injini hutaisikia tena kabisa."