Dampling za Nyama pale Soweto

Dampling, donge dogo la unga lililojazwa nyama, iliponyoka kwenye vijiti vya kulia, ikaruka ukingo wa sahani na kutua kwenye koti la Masunga. Koti lenyewe jipya, alilinunua kwa ajili ya siku hii tu.

"Tumia mkono," Rozalia akamnong'oneza. Alikuwa amekaa ubavuni pake, naye hakuwa ametulia. Pindo la kitenge chake alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena. "Hakuna anayekuangalia."

Lakini yule kijana alikuwa akimwangalia. Obeid alikaa upande wa pili wa meza, mikono kifuani, shati limenyooshwa vizuri. Alikuwa amekuja asubuhi kutoka Makongolosi, anakotengeneza mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Mahali pa kukutana alipachagua yeye: mgahawa wa Mchina mmoja aliyezaliwa Marekani, hapa Soweto, Mbeya, anayepika kama wanavyokula Wachina wa huko alikozaliwa. Masunga angependelea nyama choma na ugali, lakini hakuthubutu kusema.

Kwenye basi Rozalia alikuwa amemwambia waziwazi: "Mmekwepana vya kutosha. Leo msipoelewana, habari ya ndoa tusiiongee tena."

"Ng'ombe nimewafuga maisha yangu yote kule Usangu," Masunga akasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza naletewa ng'ombe kafungwa kwenye shuka."

Rozalia akacheka. Obeid hakucheka.

Masunga akaiokota ile dampling kwa vidole, akaichovya kwenye sosi ya soya iliyochanganywa na siki, akaitia mdomoni yote. Juu ilikuwa laini, chini imekaangwa mpaka ikakauka. Alipoing'ata, mchuzi wa moto ukamjaa kinywani, na tangawizi, na majani ya vitunguu, na nyama iliyosagwa ambayo hakuna haja ya kuuliza mara mbili kama ni ya ng'ombe. Akafumba macho. Akachukua nyingine. Kwa muda mfupi alisahau kabisa kilichomleta pale.

Alipofumbua macho, Obeid bado alikuwa akimtazama.

"Kijana," akasema, "unakunywa pombe?"

"Sinywi, mzee. Na wewe?"

Rozalia akaacha kutafuna. Swali kama hilo, kutoka kwa mtoto aliyempa shikamoo sasa hivi tu! Masunga akalimeza.

"Niliacha."

"Na ndoa ifungwe wapi? Sisi ni Walutheri. Kule kwetu Igowole watu watataka kuiona kanisani."

"Kanisani sina neno." Masunga akafuta mikono. "Sasa, kuhusu ng'ombe..."

"Habari za ng'ombe tuziache kwanza, mzee." Obeid akaisogeza sahani pembeni. Hakuwa amegusa chakula. "Nina jambo moja tu. Marehemu baba yangu alikuwa anatupiga. Nimekulia kwenye nyumba ambayo mtu akisikia mlango unafunguliwa, anaacha kucheka. Nyumba ya namna hiyo sitaki kuiona tena maishani mwangu."

Rozalia akainamisha uso.

Masunga alikuwa amepanga maneno mengi tangu juzi, ya heshima, ya ukoo, ya mifugo. Yote yakamkimbia. Akavitazama vijiti vyake, akavilaza mezani.

"Rozalia anapenda kucheka," akasema mwishowe. "Hata kwenye simu anacheka, mpaka mimi nasahau nilichompigia. Nataka aendelee hivyo hivyo. Mengine siyajui."

Nje mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati. Mhudumu akaja, akaona nyuso zao, akarudi jikoni na birika lake la chai.

Ghafla Obeid akasimama, kiti kikalia sakafuni. Masunga naye akainuka nusu. Alijua kijana anaondoka. Lakini Obeid hakuelekea mlangoni. Akazunguka meza, akampita Masunga, akapiga goti mbele ya Rozalia na kuishika mikono yake yote miwili.

Kwenye meza ya jirani msichana mmoja akapiga kigelegele. Mwenzake alikuwa tayari ameinua simu kuwapiga picha.

"Mama," Obeid akasema, machozi yakimlengalenga, "mimi mwanao nimeridhika. Olewa naye."