Vidole Vitatu vya Mchanga

Humphrey alikuwa kwenye ndoo ya nne, na maji bado yalitoka meupe kama maziwa. Alikoroga mchanga kwa mkono, akasubiri, akamwaga yale maji bafuni, akajaza tena. Maji ya bomba ya mtaa wa Vårby gård, hapa Uswidi, mwezi wa Novemba ni baridi kweli. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi tangu ndoo ya pili. Hakuvaa glavu. Ganzi ilimfaa.

Sebuleni, tangi la kioo la lita arobaini lilikaa tupu juu ya kabati, na mbele yake mabakuli matatu. La kwanza lilikuwa na mchanga laini kama unga wa sembe. La pili lilikuwa na kokoto za matumbawe yaliyosagwa, kubwa kama punje za mahindi. La tatu lilikuwa na kitu cha katikati, chembe kama za sukari. Mwenye duka la samaki wa kufugwa kule Skärholmen alimwambia achukue wowote, au asiweke kitu kabisa, kioo kitupu ni rahisi kusafisha. Humphrey hakubishana naye. Alichukua aina zote tatu ili azioshe mwenyewe, maana yeye ni fundi wa lifti na haamini kifaa asichokishika.

Jasmin ana miaka saba. Leo alibaki nyumbani Norsborg na jirani, karibu na tangi la zamani, akiwaaga konokono mmoja mmoja. Josefin wa ustawi wa jamii alikuwa amesema mtoto akihama, ahame na kitu anachokijua. Jasmin hakutaka mdoli wala blanketi. Alimtaka Korv, yaani soseji kwa Kiswidi, samaki mdogo mnene anayechota mchanga kwa mdomo na kuutema kupitia mashavuni, kutwa nzima. Kokoto zingemkwaruza. Unga ungerushwa na pampu mpaka maji yawe ukungu. Na Korv akifa wiki ya kwanza, mtoto hataipenda nyumba hii kamwe.

"Haki kaka, kwani unajenga nyumba ama unafuga samaki?"

Huyo alikuwa Milcah, Mkenya mwembamba wa miaka ishirini na tisa. Ndiye atakayewalisha samaki kuanzia kesho. Alisimama mlangoni na daftari, na tangu mchana alikuwa akijibu "sawa" baada ya kila sentensi, kama mtu aliye kwenye usaili wa kazi. Huu ulikuwa utani wake wa kwanza.

"Kwa Korv ndiyo nyumba yenyewe," Humphrey alisema.

"Usimchokoze, mdogo wangu, atakupa semina!" Brigitha, mke wa Humphrey, aliita kutoka chumbani. Alikuwa akipanga nguo za mtoto kabatini, kila soksi na mwenzake. Alikuwa amezipanga mara mbili tayari. "Njoo uandike hili. Uji wake hautiwi sukari. Akikasirika hasemi. Ukimsemesha Kiswahili atakujibu Kiswidi, usione vibaya, hata sisi hutujibu hivyohivyo."

"Sawa. Na akilia usiku?"

"Usiwashe taa kubwa. Mwache asikie pampu."

"Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Kaa naye tu."

Milcah aliandika. Kalamu ilikwama kwenye neno moja, akalipitia tena na tena.

Humphrey alipanga mabakuli mezani, mchanga wote sasa umeoshwa. "Njoo. Fumba macho. Weka mkono humu, halafu humu, halafu humu. Upi ungeweza kuutia mdomoni?"

"Mimi?"

"Wewe."

Alifumba macho kama mtoto anayechezeshwa. Kwenye kokoto alikunja uso. Kwenye unga alitabasamu kidogo, kisha akatikisa kichwa. Kwenye la tatu mkono wake ulitulia.

"Huu hapa."

Humphrey alikuwa ameuchagua huohuo tangu jana. "Basi ni huo," alisema. "Jasmin akiuliza nani alichagua, mwambie ni wewe."

Milcah alikunja mikono ya sweta yake.

Walimimina pamoja, kwa kikombe, mpaka kina cha vidole vitatu. Mwisho Humphrey alitoa mkebe wa mchanga uliotoka kwenye tangi la zamani, wa rangi ya kahawia na harufu ya bahari. Milcah aliupokea, akageuka kuelekea bombani.

"Huo hauoshwi!" Humphrey alimshika mkono.

"Samahani. Samahani sana, kaka."

"Hujaharibu kitu. Mchanga huu una vijidudu vinavyofanya maji yasigeuke sumu. Huo tunautawanya hivyohivyo, na uchafu wake."

Aliutawanya Milcah mwenyewe, taratibu, akiwa ameuma mdomo. Kisha wakalaza sahani juu ya mchanga, wakamimina maji ya chumvi juu yake ili mchanga usichimbike. Hata hivyo tangi zima likageuka jeupe. Hapakuonekana kitu.

"Ndiyo kawaida," Humphrey alisema. "Litatulia lenyewe. Mawe na samaki ni kesho. Leo usiliguse."

"Sawa."

Humphrey alisubiri ahisi kitu, chochote kile, na hakuhisi. Aliosha ndoo, akaipangusa, akaiweka chini ya sinki. Brigitha alitoka chumbani, akavaa viatu, akafunga zipu ya koti mpaka kidevuni. Milcah aliwafungulia mlango, daftari bado kifuani.

Brigitha alimshika mabega yote mawili.

"Miaka minne tumekulelea kadiri tulivyoweza," alisema. "Kesho saa nne tunakurudishia mwanao, Mama Jasmin."