Mbuzi wa Kapu la Wiki

Kila Jumamosi ukuta wa sebuleni hututangazia Kapu la Wiki: vitu vitatu adimu vya mila, historia na mazingira, ambavyo lazima vikabidhiwe makumbusho siku hiyohiyo. Jumamosi iliyopita ulitaja mbuzi ya kukunia nazi. Wakusanyaji wa makumbusho wakaja, wakaniamkia vizuri, wakamfungua mbuzi wetu wa maziwa uani.

"Siye huyo, wanangu! Ni hii ya mbao!"

"Mama, mbuzi ni mbuzi."

Leo Kapu limeonyesha picha ya mnyama wetu, na maelezo chini yake: zamani alikuwa akiwakunia watu nazi kwa meno. Mume wangu, Shekue, akanijia jikoni na huzuni.

"Alikuwa hodari. Sasa utakunia nini?"

Nilikuwa nakuna. Nikainama kuangalia nimekalia nini.